Bomba Nililolichomelea Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Baridi ya Uyole leo haina adabu. Mikono haikushika spana mpaka saa tatu. Breki za basi la shule, kisha beringi ya gurudumu. Chai mara mbili.

Mchana kaja Mzee Masanja wa Ubaruku na pikapu yake. Ni ile niliyoibadilisha njia ya hewa mwezi uliopita. Kwao masika maji yanafika usawa wa taa, kiangazi ni vumbi la mashine za mpunga. Kwa hiyo nilitoa boksi la hewa la kiwandani, nikachomelea bomba pana la chuma linalopanda mpaka usawa wa paa, nikafunga chujio la kupaka mafuta. Halafu kuna sensa ya hewa, ile inayoiambia kompyuta ya gari hewa kiasi gani inaingia ili imwage petroli inayolingana nayo. Hiyo nikaihamishia kwenye bomba langu. Kazi safi. Niliipiga picha nikaiweka kwenye grupu la mafundi wa mikoa yetu. Walinisifu siku nzima.

Sasa anasema gari limekosa nguvu. Ukikanyaga mafuta linasita, linakohoa, ndipo linakwenda. Wiki iliyopita alimrudisha mkewe, Mama Kulwa, Iringa kuangaliwa macho baada ya upasuaji. Kwenye mlima wa kutoka Ipogolo kupanda mjini likamzimikia mara mbili. Wakalishusha kwa fundi wa jirani. Fundi huyo ni Twilumba.

Twilumba kamwambia bomba langu ni pana mno.

Sikupenda.

Nilifungua boneti nikaona sensa imetolewa ikasafishwa. Nikamwambia mzee kwamba yule dada ameigusa, na kitu hiki hakiguswi hovyo. Ananiamini. Nikafuta makosa kwenye kompyuta, taa ya injini ikazimika, tukazunguka nalo kwenye tambarare. Likaenda. Akashukuru, akaondoka.


Jumanne, 4 Juni

Bado nina hasira. Twilumba tulifanya naye kazi gereji moja pale Mwanjelwa, miaka minne. Mimi mkubwa, yeye mdogo. Akarudi kwao Iringa, akafungua yake. Leo anawaambia wateja wangu mimi sijui bomba.

Nimerekodi sauti, nikaituma kwenye grupu. Mimi ndiye mwenyekiti, wananisikiliza. Nilisema wateja wawe makini na mafundi wanaojifunzia kwenye simu, kuna dada mmoja Iringa kamharibia mzee wa watu sensa. Sikutaja jina. Wanawake wanaopima magari kwa kompyuta Iringa siwajui wawili.

Wamecheka. Mmoja akaandika arudi jikoni. Mimi nikaweka alama ya kidole gumba.


Ijumaa, 7 Juni

Twilumba kaniandikia pembeni, si kwenye grupu. Ujumbe mrefu, wa adabu. Kaanza na shikamoo kaka.

Anasema sensa inapima hewa inayopita kwenye kiwaya chake tu, na kompyuta imepangwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukipanua bomba, hewa inapita pale polepole. Kompyuta inadhani imeingia kidogo, inamwaga petroli kidogo. Kwenye tambarare inajitahidi kurekebisha. Kwenye mlima inashindwa, injini inabaki na njaa. Tena anasema mafuta ya chujio yamekigandia kile kiwaya kama masizi kwenye chemni. Tena nimeipachika sensa karibu mno na kona ya bomba, mahali hewa inapovurugika.

Mwisho kaandika: "Pima mwenyewe, kaka. Usiniamini mimi."

Nimesoma mara mbili. Sikujibu. Anaona kwamba nimesoma.


Jumatatu, 10 Juni

Kwenye grupu wanasema mradi mmoja wa afya uliokuwa unampa Twilumba magari yao yote umeyaondoa. Walisikia anaharibu sensa.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilifurahi. Kidogo, kama mtu aliyejikuna.


Jumatano, 12 Juni

Imekuja pikapu kutoka Chunya. Aina ileile ya Mzee Masanja. Ya mama mmoja anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Nilimfungia bomba lilelile siku chache baada ya mzee.

Ugonjwa ni uleule. Inasita, inakohoa, mlimani haina kitu.

Nimemuuliza mara tatu kama amewahi kuipeleka gari Iringa. Mara ya tatu akanitazama.

"Fundi, mimi Iringa nina kazi gani?"

Plagi mpya. Nozeli nimesafisha. Presha ya petroli nimepima, iko sawa. Mpaka jioni nilikuwa natafuta kosa lisilo langu.


Alhamisi, 13 Juni

Nimeanza mapema kabla wengine hawajafika. Sikutaka macho ya mtu.

Kwanza nimechomoa waya wa sensa, nikawasha. Bila sensa injini imetulia kuliko ikiwa nayo. Yaani gari lisiloona kabisa linakwenda vizuri kuliko gari linalodanganywa. Nimekaa hapo na waya mkononi.

Labda sensa imekufa. Nimefunga mpya. Hakuna tofauti.

Labda kuna pengo hewa inaingilia. Nimepitisha moshi bomba zima. Haukutoka popote. Kazi yangu ya kuchomelea haivuji. Hiyo tu ndiyo sifa iliyobaki.

Kisha nikapima upana, jambo ambalo ningelifanya kabla sijawasha mashine ya kuchomelea. Bomba langu limezidi la kiwandani unene wa kidole gumba. Sensa iko shubiri moja tu kutoka kwenye kona. Nikaifuta kwa kitambaa cheupe. Mafuta.

Kila kitu alichoandika.

Nikarudisha kipande cha kiwandani kinachoshika sensa, nikakipa sehemu iliyonyooka mbele yake, chujio kavu la karatasi, sensa nikaisafisha kwa dawa yake. Nikapanda nalo barabara ya Tukuyu, kompyuta kwenye kiti cha pembeni. Jana ilikuwa inaongeza petroli mpaka ukomo wa uwezo wake, na bado haitoshi. Leo namba zimetulia karibu na sifuri. Gari lilipanda mpaka Isyonje kama halina mzigo wala mlima.

Nilisimama pale wanapouza viazi. Sikushuka. Nilikumbuka Mwanjelwa. Michoro ya nyaya aliyekuwa anaisoma ni Twilumba. Mimi nilikuwa naipokea kwake, naenda kumweleza mteja. Miaka minne wateja walinisifu mimi.


Ijumaa, 14 Juni

Mama wa Chunya kachukua gari. Akauliza lilikuwa na nini. Nikasema vumbi.

Namba ya Mzee Masanja niliifungua, nikaifunga. Atauliza kwa nini. Nitasema nini? Grupu zima lina sauti yangu. Leo amesema yuko shambani, mtandao mbovu. Hapana. Hakusema hivyo. Sikupiga. Nimejitungia hapa hapa kwenye daftari langu mwenyewe.

Jumatatu nitapiga. Gari linatembea, si kwamba limekufa.


Jumapili, 16 Juni

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Mke wangu, Mama Lusajo, kaniuliza naumwa nini. Nikamjibu mgongo. Akanikanda mgongo usiouma.


Jumatatu, 17 Juni

Saa nne asubuhi Mzee Masanja kapiga yeye.

Yuko hospitali. Jana jioni walikuwa wanatoka Igawa. Mbele yao lori la shehena, linakwenda polepole. Akatoka kulipita. Katikati, sambamba na lori, pikapu ikakosa nguvu. Akakanyaga mpaka mwisho, ikakohoa. Mbele likatokea lori jingine. Akaitupa gari nje ya barabara, ng'ambo ya pili, mtaroni.

Yeye amechubuka. Mama Kulwa mkono umevunjika sehemu mbili.

Alikuwa ananipigia ili nisisikie kwa watu nikashtuka. Mtu aliyetoka kwenye mtaro ananionea huruma mimi.

Kisha akasema, "Fundi, yule dada wa Iringa angetuua."

Nikasema pole. Neno hilo moja. Simu ikakatika.

Leo ndiyo ile Jumatatu niliyosema nitapiga.


Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda kuwaona. Mzee kakaa kwenye benchi la nje, kofia mkononi, amezungukwa na ndugu zake. Watu wa ng'ombe na mpunga, waliohama kutoka Usukumani miaka mingi. Wote walisimama kunisalimu. Kwa heshima. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Kulwa kalala, mkono umefungwa mbao ukisubiri plasta. Amenionyesha jicho alilofanyiwa upasuaji.

"Sasa naona vizuri, Fundi. Kitu cha kwanza kukiona vizuri ni lile lori."

Alitabasamu. Mimi nilitazama sakafu.

Nje wamenieleza mpango. Jumatatu ijayo wanakwenda Iringa, kwenye gereji ya Twilumba, na polisi. Wananitaka niende nao kama shahidi, mtaalamu wa kueleza kosa lake. Nilikuwa na nafasi pale pale. Mzee ananitazama, ndugu wote wananisubiri mimi tu.

Nikasema tutaona.


Jumatano, 19 Juni

Nimemwambia Mama Lusajo yote. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha kuchambua.

"Sasa unaniambia mimi ili iweje?"

Kweli. Ili iweje.


Alhamisi, 20 Juni

Basi la alfajiri. Ipogolo saa sita kasoro.

Gereji ya Twilumba ni uwanja uliofagiliwa, paa la bati, gari moja tu. Alikuwa chini ya gari hilo. Aliponiona miguu akauliza nani. Nikasema kamwene, salamu ya kwao, nikataja jina langu. Hakutoka upesi. Spana iliendelea kugonga, kisha ikanyamaza.

Alitoka, akajifuta mikono, hakunipa. Sikumlaumu. Nilisema nikiwa nimesimama. Kwamba nimepima. Kwamba ni bomba. Ni kona, ni mafuta, ni yote aliyoandika. Kwamba nilijua tangu Alhamisi iliyopita.

"Nilijua ukipima utaona," alisema. "Kuja sikutegemea."

Nikamweleza ajali. Hapo alikaa. Kumbe anamkumbuka Mama Kulwa. Siku ile gari lilipomzimikia mzee walisubiri hapa kwa muda wa saa tatu, wakanywa naye chai, mama ana bandeji ya jicho. Aliuliza mkono gani. Nikasema wa kulia.

"Mkono wa kulia," alirudia. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza. "Simu moja, Fundi. Ungepiga simu moja tu."

Miaka yote ameniita kaka. Leo Fundi.

Niliomba msamaha. Alisema hilo bado. Akasema nilipomsemea ndipo nikasemee, grupu lile lile, kwa sauti ile ile. Na jina lake nilitaje.

"Siku ile hukulitaja, lakini kila mtu alilisikia. Safari hii lisikike kwenye mdomo wako."

Nikiondoka alikuwa amekwisha rudi chini ya gari.

Wakati wa kurudi basi lilisimama Igawa. Abiria wengine walishuka kwenda Ubaruku. Ningeweza kushuka. Nilibaki kwenye kiti changu mpaka likaondoka. Naandika hili ili nisije nikajidanganya kwamba leo nilikuwa mwanaume.


Ijumaa, 21 Juni

Nimerekodi mara nne. Ya kwanza ilijaa visingizio: baridi, uchovu, wingi wa kazi. Nimeifuta. Ya pili nilimsifu Twilumba mpaka nikaonekana mimi ndiye mwema. Nimeifuta. Ya tatu nililia, nayo nikaifuta, kwa sababu machozi yangu yangewafanya wanibembeleze.

Ya nne haikufika dakika moja. Nilitaja jina lake kamili. Nikasema sensa hakuiharibu, aliisafisha. Kosa ni bomba nililolichomelea mimi. Alinieleza nikampuuza, nikajua nikanyamaza, watu wakaumia. Na uenyekiti nimeuacha.

Kisha mmoja akaandika hongera kwa ujasiri. Hilo limeniuma kuliko tusi. Yule aliyeandika arudi jikoni amejitoa kwenye grupu. Twilumba hakuandika chochote.


Jumamosi, 22 Juni

Ubaruku.

Mama Kulwa amesharuhusiwa, mkono kwenye plasta. Walikuwa uani, yeye kwenye mkeka, mzee kwenye kigoda, wanawe wakubwa wawili wanashona magunia. Wakaniletea kiti. Nikaomba nisimame.

Nilimweleza mzee, mbele ya wote, kwa maneno ya kawaida. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Ya kabla ya ajali."

Mwanawe mmoja alisimama, sindano ya gunia bado mkononi. Mzee akanyanyua kiganja, kijana akakaa. Kuku walipita katikati yetu. Nilisikia mashine ya mpunga ya jirani ikiwashwa.

"Kutokujua ni jambo la kila mtu," alisema mwisho. "Mimi nimewahi kuua ndama watatu kwa dawa niliyodhani ni sahihi. Lakini Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili." Alihesabu kwa vidole, polepole. "Siku hizo nne ulikuwa unajua, mimi namwendesha mke wangu."

Nikasema nitalitengeneza gari lote, mpaka rangi.

"Hapana. Litakwenda Iringa, kwa yule binti. Na mimi mwenyewe nina la kumwomba msamaha, maana nilimtukana kwa watu kwa neno lako."

Hakufoka. Angefoka ningepata pa kujishikiza.

Mama Kulwa akamwagiza binti aniletee maji. Nikanywa. Nikarudisha kikombe. Nikatembea peke yangu mpaka kituoni.


Jumatano, 3 Julai

Gereji imepoa. Wateja wawili wiki nzima. Wengine wanapita, wananisalimu kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Mbali na la Mzee Masanja, niliwahi kufunga mabomba yale kwenye magari matano. Nimewapigia wenyewe wote. Kwa kila mmoja nimesema mimi ndiye niliyekosea, waje niyatoe. Watatu wamekuja. Mmoja amekataa, anapenda mngurumo wake. Nimemwomba asipite magari. Ameniahidi, sina uhakika.

Mama wa Chunya gari lake lilikwisha pona, nilimpigia tu kumwambia ukweli. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe vumbi lilikuwa wewe."

Nilicheka na mimi, bila kutegemea. Baadaye nikaona aibu ya kucheka.


Jumapili, 7 Julai

Twilumba kanitumia picha. Pikapu ya Mzee Masanja iko kwenye uwanja wake, boneti wazi, boksi la kiwandani limerudi mahali pake. Bomba la kupandisha hewa juu ameliacha, ila amelipunguza upana, akalipeleka kwenye boksi lenyewe, sensa imerudi ilikowekwa kiwandani. Ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Mzee angepata kinga ya maji na nguvu yake isipotee.

Hakuandika neno. Nimeitazama picha muda mrefu. Nikaandika nimejifunza. Nikafuta. Nikaandika ahsante, nikatuma.

Ameisoma.


Jumamosi, 20 Julai

Jua leo, ingawa upepo ni mkali. Nimefunga gereji mchana. Mama Lusajo alinituma viazi.

Nilikuwa nachagua pale barabarani Uyole, nikaisikia kabla sijaiona. Pikapu ya Mzee Masanja, inatoka upande wa Igawa kuelekea mjini. Yeye kwenye usukani, Mama Kulwa pembeni, mkono wa plasta umening'inizwa shingoni. Mbele yao lori la mbolea linajivuta. Mzee akangoja. Barabara ilipokuwa nyeupe akatoka, akalipita. Injini ilipanda bila kusita hata kidogo.

Sijui kama waliniona. Sikunyanyua mkono.

Muuza viazi akauliza naongeza au zinatosha. Nikamwambia zinatosha. Nikamlipa, nikarudi nyumbani kwa miguu.